Kabla Hujalitia Gari Kazini

Mtu anapopata fedha za mkupuo katika miji yetu, ama za kiinua mgongo baada ya utumishi wa miaka mingi, ama za korosho zilizofika soko jema, ama za fungu lake katika mirathi, aghalabu fikra ya kwanza imjiayo ni kununua gari litakalomletea hesabu kila jioni. Huzunguka yadi za magari, huuliza bei, huuliza unywaji wa mafuta, hufungua boneti na kuisikiliza injini, na akiwa mwangalifu humchukua fundi wake amtazamie gia na chasisi. Lakini swali moja ambalo lingemwokolea fedha nyingi kuliko hayo yote, yaani sheria italihesabu gari hili katika jinsi gani ya magari, hulisahau kabisa, au huliacha hadi siku atakaposimamishwa na askari wa usalama barabarani au atakapokataliwa dai lake la bima. Maneno haya nimeyaandika kwa ajili ya mtu huyo, wakati fedha yake ingali mkononi.

Dhana iliyoenea ni kwamba gari la biashara ni lile tu linalotoza nauli au ujira, na kwamba mwenye duka abebaye magunia yake mwenyewe kwa pikapu yake mwenyewe hayumo katika hesabu hiyo. Dhana hiyo ina sehemu ya kweli, lakini ni pungufu, na upungufu wake umewatia watu wengi hasarani. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kwa mfano, inapolieleza gari la biashara haianzi na nauli. Hulitazama kwanza umbo la chombo, ikasema kwamba ni gari lililoundwa au lililogeuzwa ili kuchukua bidhaa au mizigo ya namna yoyote kwa ajili ya biashara, shughuli au kilimo. Kwa mujibu wa maneno hayo, mkulima wa Nakuru anayeyachukua mahindi yake mwenyewe kutoka shambani mwake kwa lori lake mwenyewe analo gari la biashara, hata kama hakupokea senti moja ya mtu mwingine. Basi umbo la gari ni jambo la kwanza. Kazi ambayo gari limepewa ni jambo la pili. Na kadiri yake, nikimaanisha uzito wake au idadi ya watu linaowachukua, ni jambo la tatu. Mambo haya matatu hayaendi pamoja sikuzote, na pale yanapoachana ndipo matata yanapozaliwa.

Huku Tanzania Bara alama iliyo dhahiri kuliko zote ni rangi ya kibao cha namba. Gari la mtu binafsi hubeba kibao cha njano, na gari la biashara, liwe teksi, daladala au Fuso, hubeba kibao cheupe, hata ikawa desturi ya watu kusema “namba nyeupe” wakimaanisha gari lililosajiliwa kwa biashara. Lakini rangi hiyo ni dalili tu ya jambo lililoandikwa kwingine, katika kadi ya gari itolewayo na Mamlaka ya Mapato, ambamo hutajwa matumizi ya gari, aina ya bodi, idadi ya viti, idadi ya ekseli, uzito wa gari likiwa tupu na uzito wake wa jumla. Nami namshauri kila mnunuzi aisome kadi hiyo mstari kwa mstari kabla hajaanza kusifu rangi ya bodi. Ukiona lori lenye kibao cha njano, au kipanya chenye viti vya abiria ilhali kadi yake inakitaja kuwa gari la mizigo, jua kwamba hapo pana muamala uliofanywa nusu, na nusu iliyobaki utaimaliza wewe kwa fedha yako.

Nirudi katika suala la kazi, maana ndilo lenye kuhitaji wasaa. Tofauti baina ya kubeba mali yako na kubeba mali ya mwenzako kwa ujira ni kongwe katika sheria za barabara. Uingereza ilipotunga Sheria ya Barabara na Reli ya mwaka 1933 iliyagawa malori katika leseni tatu: leseni A kwa mchukuzi wa kukodiwa na watu wote, leseni B kwa mwenye kubeba bidhaa zake na kuruhusiwa pia kubeba za wengine kwa masharti, na leseni C kwa mwenye kubeba bidhaa zake peke yake. Fikra hiyo ilivuka bahari pamoja na watawala ikafika kwetu, na ijapokuwa vyombo vya udhibiti vimebadilika mara kadhaa tangu siku zile, yenyewe imebaki. Hata Japani, nchi ambayo kwayo hutoka sehemu kubwa ya magari yetu ya mitumba, hufuata mgawanyo uo huo: lori la mwenye kiwanda libebalo bidhaa za kiwanda chake huvaa kibao cheupe chenye maandishi ya kijani, na lori la kampuni ya uchukuzi libebalo za watu kwa ujira huvaa kibao cha kijani chenye maandishi meupe. Malori mawili ya namna moja, yaliyotoka kiwanda kimoja siku moja, ni jinsi mbili mbele ya serikali kwa sababu ya mali iliyo mgongoni mwake.

Kwa upande wetu, anayetaka kuchukua abiria au mizigo kwa ujira sharti awe na leseni ya usafirishaji, ambayo Tanzania Bara hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyoundwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019 na kurithi kazi za ardhini za ile mamlaka ya SUMATRA iliyotangulia. Leseni hiyo ni kitu mbali na kadi ya gari, mbali na bima, na mbali na leseni ya udereva, nami narudia jambo hili kwa makusudi kwa kuwa nimewasikia watu wazima wenye akili timamu wakidai kwamba wamekwisha “kulipia gari” baada ya kukata bima tu. Kadi husema gari ni la nani na la jinsi gani; leseni ya usafirishaji husema linaruhusiwa kufanya kazi gani na, kwa magari ya abiria, katika njia ipi; bima husema nani atalipa likimdhuru mtu; na leseni ya udereva husema nani anaruhusiwa kulishika usukani. Ikiwa nyaraka hizi nne hazisemi jambo moja kuhusu gari moja, ile iliyo tofauti ndiyo itakayokutesa.

Katika magari ya abiria kadiri hupimwa kwa vichwa, na mipaka yake ni ya kuhesabika. Leseni ya udereva ya Tanzania ya daraja B humtosha mtu mwenye gari lake dogo la nyumbani, wala haimpi ruhusa ya kuendesha gari la biashara au la abiria. Kwa abiria lipo daraja C pamoja na matawi yake: C3 kwa gari dogo la watu 4, kama teksi; C2 kwa gari linalopita hapo lakini halijafika watu 15; C1 kwa gari la watu 15 ambalo halijafika 30; na C yenyewe kwa basi la watu 30 na kuendelea. Mwenye Haisi anayemwambia fundi amwongezee kiti kimoja cha kukunja karibu na mlango huenda asijue kwamba kwa kiti hicho amelivusha gari lake kutoka daraja moja hadi jingine, na kwamba dereva wake, aliyekuwa halali jana, leo anaendesha gari lisilo katika leseni yake. Kadhalika idadi ya viti iliyo katika kadi haitalingana tena na viti vilivyomo, na kampuni ya bima itakuwa imepokea malipo kwa ajili ya watu wachache kuliko wanaopanda. Ushauri wangu hapa ni mwepesi: usiguse viti kabla hujaenda kuuliza, na ukiambiwa lazima gari likaguliwe upya, kubali likaguliwe.

Zipo aina za uchukuzi ambazo watu huziona haziingii biashara kwa sababu konda hayupo na nauli haipokewi mlangoni. Basi la shule ni mfano mkubwa. Mzazi halipi kwa safari, hulipa kwa muhula pamoja na ada, lakini fedha imetolewa na mtoto amechukuliwa, na mwenye shule anayefikiri kwamba Kosta yake ni gari la nyumbani kwa kuwa imeandikwa jina la shule anajidanganya katika jambo lenye roho za watoto ndani yake. Gari la kuwachukua wafanyakazi wa kiwanda linahitaji mazingatio yaleyale. Ama zile Noah na Probox ziitwazo mchomoko, zinazojaza abiria kati ya mji na mji huku zimevaa kibao cha njano, hizo hakuna tafsiri inayoweza kuzitetea: kazi ni ya abiria, nyaraka ni za nyumbani, na siku ya ajali abiria hugundua kwamba alipanda gari ambalo halikuwa na dhamana juu yake. Simlaumu abiria aliyekosa basi saa mbili za usiku. Namlaumu mwenye gari, ambaye alikuwa na mchana kutwa wa kwenda kubadili usajili.

Pikipiki na bajaji nazo ni magari ya biashara zinapochukua abiria kwa ujira, na Tanzania ilizitungia kanuni zake za leseni mwaka 2010, baada ya kuonekana kwamba bodaboda zimekwisha kuwa usafiri wa watu wengi mijini na vijijini. Mwenye kumpa kijana pikipiki kwa mkataba, yaani alipe kidogokidogo hadi iwe yake, aelewe kwamba madhali usajili ungali kwa jina lake, dhima nayo ingali kwake. Guta la mizigo na kirikuu cha kubebea mchanga au maji vimo katika mlango huohuo, ingawa udogo wake huwafanya wenyewe kuviona kama vyombo vya nyumbani.

Sasa niingie katika uzito, ambao ndio mlango mpana wa mgawanyo wa magari ya mizigo, na ambao katika kuuzungumza nakuta watu huchanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali. Uzito mtupu ni uzito wa gari lenyewe bila shehena. Uzito wa jumla ni kiasi cha juu kabisa ambacho gari pamoja na shehena, mafuta na watu wake linaruhusiwa kufika. Ukitoa wa kwanza katika wa pili utapata mzigo unaoweza kuubeba kwa halali, na hesabu hiyo nyepesi ndiyo inayopasa kufanywa na kila anayeambiwa na dalali kwamba “hii ni gari ya tani kumi.” Tuseme lori la ekseli mbili lina uzito mtupu wa tani 6, na kiwanda kimelikadiria uzito wa jumla wa tani 15: mzigo wake ni tani 9, na ile tani ya kumi ya dalali ni ya dalali mwenyewe.

Mpaka muhimu wa kwanza ni kilo 3,500. Ulaya nzima hutumia mpaka huu kutenga gari jepesi la mizigo, waliloliita N1, na yaliyo mazito kuliko hilo, kisha huchora mstari mwingine penye tani 12, na mnunuzi wa Scania au Volvo iliyotumika huko ataziona alama za N2 au N3 katika hati zake. Kwetu, kilo 3,500 ndizo zinazoamua kama gari lako litaingia katika mzani au litapita, na kwa gari la biashara au la abiria linalozidi uzito huo mwendo wa juu kabisa ni kilomita 80 kwa saa, ilhali katika maeneo ya makazi kila gari sharti lishuke hadi 50. Mtu aliyezoea gari dogo kisha akanunua Kanta ajue kwamba amebadili mwendo wake wa halali pamoja na kubadili gari.

Mizani yetu, kama ule wa Vigwaza mkoani Pwani au wa Mikese karibu na Morogoro, haipimi jumla ya lori peke yake; hupima kila ekseli na kila kundi la ekseli. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, imeweka tani 8 kwa ekseli ya mbele ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, tani 18 kwa ekseli mbili zilizofuatana, tani 24 kwa ekseli tatu zilizofuatana, na tani 56 kuwa kikomo cha gari zima pamoja na trela lake, hata liwe na ekseli nyingi namna gani. Kwa hesabu hiyo lori la ekseli mbili halizidi tani 18, lori la ekseli tatu, ambalo mafundi huliita tandamu, halizidi 26, na kichwa cha ekseli tatu kikivuta semi-trela ya ekseli tatu hakizidi 50. Lakini barabara ikikupa tani 18 na kiwanda kikakupa 15, wewe unazo 15, kwa kuwa breki, springi na chasisi havikusoma sheria ya barabara. Na kinyume chake, kiwanda kikikupa zaidi ya barabara, mzani utakurudisha katika kipimo cha barabara. Kikomo kidogo kati ya viwili ndicho chako, nami sijui kanuni nyingine katika biashara hii inayovunjwa mara nyingi zaidi na kwa hasara kubwa zaidi kuliko hiyo.

Wapo wanaoona kwamba ukali wa mizani ni njia tu ya serikali kujipatia faini. Napenda wafahamu chimbuko lake. Kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, wahandisi walijenga barabara za majaribio wakaendesha malori juu yake mfululizo, usiku na mchana, wakipima jinsi lami inavyochakaa. Na waliyoyapata ni kwamba uharibifu hauongezeki sambamba na uzito wa ekseli, bali huongezeka takriban kwa kipeo cha nne chake. Maana yake ni kwamba ekseli ya tani 12 inaichakaza barabara kiasi cha mara mbili ya ekseli ya tani 10, na ekseli yenye uzito maradufu huichakaza kama mara 16. Mwenye Fuso anayepakia tani mbili za ziada juu ya ekseli moja anajipatia ujira wa tani mbili na kuwaachia watu wote gharama ya lori la pili lililopita bila kuonekana. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, ambayo kwayo Zambia na miji ya Katanga hupata shehena zake, imebeba madhara ya hesabu hii kwa miaka mingi, na kila dereva aliyepita katika makorongo ya matairi yake anayajua bila kusoma utafiti wowote.

Kwa sababu hiyo upakiaji ni elimu. Shehena inaweza kuwa ndani ya uzito wa jumla na bado ekseli moja ikazidi, kwa kuwa magunia yamesukumwa nyuma kabisa au mitungi imerundikwa mbele. Mwambie utingo na wapakizi wako waanze mizigo mizito juu ya ekseli za nyuma na kuitandaza sawasawa, na kama una safari ya kwanza na mzigo usioujua uzito wake, tafuta mzani wa kulipia mjini uupime kabla hujatoka, maana ni nafuu kushusha magunia mahali ulipopakia kuliko kuyashusha porini ukiwa na faini mkononi.

Nimefika katika bima, nami nitakaa hapa kidogo. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, humlazimisha kila mwenye gari la barabarani kuwa na bima ya mtu wa tatu. Hilo watu wanalijua. Wasilolijua wengi ni kwamba bima huuzwa kwa kazi maalumu. Fomu unayojaza huuliza matumizi: ni gari la nyumbani, ni la kubeba bidhaa zako, ni la kubeba bidhaa za watu kwa ujira, au ni la abiria wa kulipa? Ada hutofautiana kwa sababu hatari hutofautiana, kwa kuwa gari la nyumbani hulala mchana kutwa kivulini ofisini, na daladala huamka alfajiri likalala usiku wa manane likiwa limepita mikononi mwa dereva na deiwaka wake. Wapo mawakala wasio na hadhari ambao, wakitaka kumfurahisha mteja, humwandikia gari la abiria kuwa la nyumbani ili alipe kidogo, na mteja huondoka akishukuru. Huyo amenunua karatasi. Siku atakapoleta dai, mpelelezi wa kampuni atauliza gari lilikuwa likifanya kazi gani saa ya ajali, ataona abiria waliolipa nauli katika ripoti ya polisi, na kampuni itakuwa na hoja nzito ya kumkatalia. Tena ikimlipa majeruhi kwa kulazimishwa na sheria, inaweza kumgeukia mwenye gari imdai fedha hiyo.

Basi unapokata bima, iwe bima kubwa au bima ndogo, lisome neno la matumizi katika cheti kabla hujalipa, ulinganishe na kadi na leseni ya usafirishaji, kisha uhakikishe stika yako katika mfumo wa mtandao wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kwa kuwa stika za kughushi zimewahi kuzunguka mitaani. Mwenye lori la bidhaa zake mwenyewe ambaye huwabebea majirani mara mojamoja kwa ujira, hasa msimu wa mavuno, amwambie wakala wazi na akubali kulipa tofauti. Na asimpandishe mtu juu ya magunia, hata kwa hisani, hata akiwa jamaa yake: lori limesajiliwa kwa mizigo, na mtu aliyeketi juu ya mzigo hana kiti katika kadi wala nafasi katika bima.

Anayeagiza gari kutoka ng'ambo hukutana na mgawanyo mwingine tena, wa forodha, ambao hautazami nia yake bali umbo la chombo. Katika orodha ya ushuru wa pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, inayofuata mpango wa kimataifa, gari la kuchukua watu 10 au zaidi pamoja na dereva limo katika kifungu cha 87.02, gari dogo la watu katika 87.03, gari la mizigo katika 87.04, kichwa cha trela katika 87.01, gari la kazi maalumu kama kreni au zimamoto katika 87.05, na trela lenyewe katika 87.16. Viwango vya ushuru huweza kubadilika kila mwaka wa fedha unapoanza mwezi Julai, kwa hiyo usitegemee hesabu ya rafiki aliyeagiza mwaka juzi. Haisi ni mfano wa kuzingatia: Wajapani huiunda kwa sura zaidi ya moja, ile ya mizigo yenye viti vichache na ile ya abiria, na ukiagiza ya mizigo ukidhamiria kuitia viti hapa, utakuwa umeiingiza katika kifungu kimoja na kuitumikisha katika kingine. Jambo hilo hufanyika, lakini lifanyike kwa ukaguzi na kwa kubadilisha kadi, na viti vifungwe na fundi anayejua kwamba boliti za kiti hushikilia mtu wakati wa ajali, na kwamba sakafu ya gari la mizigo haikutobolewa kwa kusudio hilo.

Mwenye nia ya kuvuka mipaka aongeze jambo moja katika mazingatio yake. Bima ya nyumbani haimfuati hadi Lubumbashi wala Bujumbura peke yake. Ipo kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania hushiriki ingawa si mwanachama wa soko hilo, na kwayo bima ya mtu wa tatu hutambuliwa katika nchi zilizoukubali mpango huo. Aichukue kwa kampuni yake kabla ya safari, kwa jinsi ileile ya gari iliyo katika kadi, na aangalie kwamba majina ya nchi atakazopita yametajwa.

Kwa kuwa gari la biashara halikai kwa mtu mmoja maisha yake yote, siku ya kuliuza nayo ina taratibu zake. Usimwachie mnunuzi kadi na karatasi ya makubaliano tu, kama ilivyo desturi ya watu wengi wanaoaminiana. Nendeni wote wawili mkahamishe umiliki, na kama mnunuzi analichukua kwa matumizi ya nyumbani, au anakusudia kuling'oa viti alifanye la mizigo, ombi la kubadili jinsi liwe kwa jina lake. Leseni ya usafirishaji uliyopewa ni yako wewe kwa gari hilo hasa, kwa hiyo itolee taarifa kwa mamlaka, ubandue stika za njia, na uandike tarehe na saa ya makabidhiano katika hati ambayo mmetia saini wote wawili mbele ya shahidi, kwa kuwa kosa litakalotendwa na gari lile saa moja baada ya hapo litatafutwa kwanza kwa jina lililo katika kadi.